Bakuli Lisiondoke

Hakuna jasusi aliyewahi kukanyaga mtaa wetu wa Ampel nisimtambue kwa mwendo tu, tangu anaposhuka kwenye pikipiki. Wigati alipanga chumba nyuma ya jiko langu, akala mboga zangu, tukasengenya majirani pamoja, na mpaka siku anahama nilikuwa nawaambia watu kwamba yule ni mwanamke wa bima.

Basi. Niliyoyajua kwa kuchelewa ni haya.

Simu ililia mara moja, ikakata. Ikalia tena.

Ilikuwa siku ya mwisho ya Ramadhani, alasiri, jua la Surabaya linakaanga lami, nusu ya mji imeshapanda treni kwenda makwao. Wigati alikuwa juu ya Yamaha yake katikati ya foleni, amebanwa kati ya lori la matikiti na familia ya watu watano juu ya pikipiki moja. Akabonyeza pini ya ushungi. Pini ile ilikuwa na kipaza sauti ndani, kidogo kama punje ya ufuta, na sikioni alikuwa na kisikilizi cha aina hiyohiyo.

"Sema, Mjomba," alimwambia mkuu wake wa kazi.

"Mzee kanusa. Jioni hii anatoa bakuli."

"Mizigo iko wapi?"

"Njiani kwenda uwanja wa ndege wa Juanda. Masanduku yote."

"Amri?"

"Bakuli lisiondoke."

Ikakatwa.

Wigati akapandisha Yamaha juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mwuza maembe akamtukania ukoo. Akapita. Alikuwa amefunga, na tusi la mwuza maembe wa Surabaya halijibiwi kwa tumbo tupu.

Sasa niwaeleze hilo bakuli, maana mkinipotea hapa mtanilaumu mimi.

Mzee mwenyewe ni Bwana Suwondo, mwenye kampuni ya Lintang Biru, ya kutengeneza kurasa za mtandao. Mtu wa heshima, kanzu safi, sauti ya chini. Moja ya kurasa zake iliitwa Bei ya Samaki Leo. Wauza samaki wa pwani nzima ya Java waliifungua kila siku kabla ya kupanga meza zao. Mwisho wa ukurasa, siku nyingine, palikuwa na picha ya bakuli la rawon, ile supu nyeusi ya nyama, kutangaza genge la dada yake. Siku nyingine picha haipo. Nani atashangaa tangazo la supu?

Wapagazi wake ndio waliojua maana yake. Hao walibeba vitoto vya kambakoche, vinavyoibwa baharini vikiwa vyembamba kama sindano na vyeupe kama kioo, macho meusi tu ndiyo yanaonekana. Vinatiwa kwenye mifuko ya plastiki yenye hewa, mifuko inatiwa kwenye masanduku ya nguo, masanduku yanapanda ndege kwenda kufugwa ng'ambo. Mpagazi akifika mlango wa uwanja, anafungua simu, anasoma bei ya samaki kama mume mwema aliyetumwa sokoni. Bakuli lipo, anaingia. Halipo, anageuza na kumwaga mzigo mtaroni.

Hakuna simu iliyopigwa. Hakuna ujumbe. Polisi walisikiliza simu za Suwondo mpaka masikio yakaota sugu, wakaambulia mke wake akimwagiza tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga.

Maana bakuli halikuwekwa na mkono wa mtu. Liliwekwa na kiolezo.

Mkitaka kujua kiolezo ni nini, njooni jikoni. Kuna ketupat. Unachukua majani machanga ya mnazi, unasuka kifuko, kitupu. Unatia mchele, unafunga, unachemsha, na wali unatoka na umbo la kifuko. Kiolezo ndiyo kile kifuko. Bei za samaki ndizo mchele. Suwondo anaandika bei za leo kwenye simu yake, mashine inazimimina ndani ya kiolezo, ukurasa unazaliwa. Na ndani ya kifuko hicho palisukwa sharti dogo: bei ya kamba ikiishia na tano, onyesha bakuli, isipoishia na tano, ficha.

Msukaji aliitwa Prasojo.

Kijana wa Blitar, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Aliambiwa lile sharti ni bahati ya dada wa mzee, akaamini. Alisuka violezo vyake kwa XML, na hiyo ni lugha ya watu wenye adabu kali. Kila kitu kina lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga. Lugha nyingine za kurasa zina huruma. Ukisahau kufunga zinakusitiri, mambo yanakwenda. XML haina mswalie Mtume. Lebo moja ikibaki wazi, mashine inaukataa ukurasa mzima, na ule wa jana unabaki hewani kama ulivyokuwa.

Prasojo hakuwahi kuacha lebo wazi. Ilikuwa ndiyo fahari yake, hakuwa na nyingine. Mtu huyo akipita choo cha jirani mlango uko wazi, anaufunga, na mwenye haja yumo ndani.

Wigati alitumwa pale Lintang Biru kama fundi wa kurasa, mtoto wa mama wa Madiun anayesuka ketupat za kuuza. Hadithi ya kupewa. Ukweli ni kwamba alilelewa kwenye kituo cha yatima huko Makassar, nyuma ya kambi ya jeshi, na mama hakumjua kwa sura wala kwa jina. Prasojo ndiye aliyemkaribisha. Ndiye aliyemfundisha kusoma violezo vyake lebo kwa lebo, akimwita dada, akimwachia nusu ya mkate wake wa ndizi. Na alipokwenda stesheni asubuhi ile, amebeba biskuti za mama yake, alimwachia neno lake la siri ili auangalie ukurasa. Alimwachia kama unavyomwachia jirani ufunguo.

Ofisi ilikuwa tupu. Feni imezimwa. Wigati akaketi kwenye kiti cha Prasojo, akafungua kompyuta yake ya ThinkPad, akabonyeza pini.

"Nikibadilisha sharti, bakuli linabaki siku zote," alinong'ona.

"Usibadilishe sharti. Ukibadilisha sharti, watajua kuna jasusi. Ukiacha lebo wazi, watajua kuna mzembe."

"Mzembe gani?"

  Jina lililokuwa kwenye mashine lilikuwa moja, la Prasojo.

"Mjomba, watamla nyama huyu mtoto."

"Una dakika ngapi?"

Hakuwa nazo. Nje, msikiti wa jirani ulikuwa unajaribu vipaza sauti. Suwondo angeandika bei kabla ya futari, kama kawaida yake, halafu angezima simu aende kupokea wageni.

Wigati akashuka ndani ya kiolezo mpaka jedwali la bei. Lebo ya kufungua ilikuwa hapa. Ya kufunga kule chini, imekaa kwenye mstari wake peke yake, imenyooka kama mtoto wa shule.

Akaifuta.

Akahifadhi kazi. Kwa jina la Prasojo.

Punde Suwondo akaandika bei kutoka nyumbani kwake. Kamba, inaishia na sifuri. Mashine ikamimina, ikakuta kifuko kina tundu, ikagoma. Ukurasa wa jana ukabaki hewani na bei zake za jana, na kule chini, jeusi, linafuka moshi, bakuli.

Juanda, mlango wa abiria. Wigati amesimama kando ya mashine ya kahawa, miwani ya jua Ray-Ban usoni, ya bandia, mshahara wa serikali mnaujua. Mpwa wa Suwondo akashuka kwenye gari la Kijang na sanduku jekundu. Akatoa simu. Akasoma bei ya samaki. Akatabasamu.

Akaingia.

"Wa kwanza," alisema Wigati kwenye pini.

"Tumemwona."

"Sanduku la bluu."

"Tunalo."

"Mwanamke, sanduku la maua."

"Tunalo. Nenda kafuturu."

Kabla ngoma kubwa ya msikiti haijalia, masanduku yote yalikuwa yamefunguliwa, na vile vitoto vya kioo viko ndani ya gari la barafu vinarudishwa baharini. Usiku wa takbira mji mzima uliimba barabarani. Wigati alipita katikati yao kama mtu anayetoka mazikoni.

Siku ya Idi nilimpakulia kuku wa nazi. Hakula. Nikamwuliza una nini, akasema ameiba kitu cha mtu, kitu ambacho hakishikiki kwa mkono. Nikadhani mume wa mtu. Nikampa nasaha ndefu kabisa, nzuri, na akanishukuru.

Suwondo bado alikuwa mtaani. Wapagazi walifunga midomo. Na Mjomba alisema bei ya kamba si kosa, tangazo la supu si kosa, hakuna hakimu atakayemfunga mtu kwa sababu ya bakuli. Alitaka mzee mwenyewe alitaje kwa ulimi wake.

Nafasi ikaja na sikukuu ya ketupat, wiki moja baada ya Idi, siku ambayo kila ofisi ya Java inakutana kula na kuombana radhi. Lintang Biru walikusanyika uani kwa mzee tangu asubuhi, majani ya mnazi yamemwagwa mkekani. Desturi ya ofisi yao ilikuwa ya utani: kila mtu anasuka kifuko chake na kukifunga uzi wa rangi yake, na ambaye kifuko chake kitamwaga wali chunguni, ataosha vyombo vya wote.

Wote wakamgeukia Wigati. Mtoto wa Madiun, wakasema, leo atutie aibu. Wigati alikuwa amejifunza kwa video ya simu, chumbani, nyuma ya jiko langu. Akasuka upesi, akicheka, akafunga uzi wa kijani. 

Vifuko vikaingia chunguni. Watu wakapanga mstari wa radhi.

Ule mstari nimeuona miaka mingi. Kila mmoja anashika mikono ya mwenzake kwa mikono miwili, anamwomba msamaha wa makosa ya nje na ya ndani, yanayojulikana na yasiyojulikana. Prasojo akafika kwa Wigati. Macho yalikuwa yamevimba.

"Dada, nisamehe. Nje na ndani."

"Na mimi, mdogo wangu."

"Hapana, sikiliza. Ile siku niliacha lebo wazi. Haraka ya treni. Ukurasa ulikufa mikononi mwako na mimi nakula biskuti Blitar. Niliuona kwenye simu, nikaifunga, nikamwambia mzee mwenyewe. Tangu niamke hiyo siku sijiamini hata kufunga vifungo vya shati."

Mikono yake ilikuwa ya baridi. Wigati aliishika. Ndani ya sikio, sauti ya Mjomba ilikuwa inahesabu watu wake kwenye kona za mtaa.

"Yamekwisha," alisema Wigati. "Tumesameheana."

Hakuna mwongo aliyewahi kusamehe vizuri kama yeye.

Kisha Suwondo, ambaye alikuwa amesamehe kila mtu kwa tabasamu, akamshika Prasojo bega na kumwambia waende jikoni wakaangalie chungu. Wigati akachukua sahani za kisingizio, akafuata. Kwapani alibeba bati la bisi za unga wa kamba, na chini ya bisi palikuwa na bastola ya Pindad, imejaa. Najua mnangoja ifyatuke. Ngojeni.

Jikoni palijaa mvuke. Chungu kilikuwa kikubwa cha harusi. Suwondo akafunga mlango wa uani, akamwona Wigati kwenye beseni, akampuuza kama anavyopuuzwa mwanamke mwenye sahani.

Akauliza kwa sauti ileile ya chini nani alimlipa. Prasojo akasema hakuna, mzee, ilikuwa haraka. Suwondo akaushika mkono wake, akaupeleka juu ya mvuke.

"Kalitaja?" aliuliza Mjomba sikioni.

Wigati akagonga pini mara moja. Bado.

"Usisogee."

Prasojo alikuwa anasema ni yeye, ni yeye, ni uzembe wake, hana wa kumtaja. Mkono ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu. Akageuza uso kumtafuta dada yake. Wigati aliona ile miwani yenye uzi imeziba kwa mvuke, na nyuma yake macho yanaomba mtu mmoja tu aseme neno moja tu: mzee, mwache, mimi namjua.

Wigati akaangalia sahani.

Akaziosha. Sahani safi, akaziosha.

"Bado," alisema Mjomba. "Vumilia."

"Hujawahi kuacha lebo wazi!" Sasa sauti ya Suwondo ilikuwa imepanda. "Miaka yote! Unaiacha siku hiyohiyo? Mimi nililitoa bakuli! Niliandika bei ya kulitoa, wewe ukaliacha pale, mpwa wangu akaingia na sanduku mdomoni mwa polisi!"



Wigati akagonga pini mara mbili.

"Twende," alisema Mjomba.

Wigati akateleza. Ndivyo ilivyoonekana, mwanamke mzima ameteleza kwenye maji ya sahani, kiuno kikagonga chungu, na upande mmoja wa maji ya moto ukamwagikia viatu vya Suwondo. Akamwachia Prasojo. Alipotia mkono kwenye koti, mlango wa uani ulikuwa umeshaanguka ndani na watu wa Mjomba juu yake. Koti likatoa bastola ya Beretta. Beretta ikapigwa teke chini ya kabati. Suwondo akalazwa sakafuni, shavu kwenye maganda ya vitunguu.

Ile Pindad ilibaki chini ya bisi. Haikufyatuka. Nilisema mngoje, sikusema mtapata.

Prasojo naye alitiwa pingu, kwa kuwa amri ilikuwa kila mtu wa jikoni. Wigati pia, kwa ajili ya macho ya watu. Wakakalishwa ukutani ubavu kwa ubavu, na kijana akamnong'oneza asiogope, atawaambia polisi kwamba dada hajui lolote. Mkono wake ulikuwa unatoa malengelenge.

Wakamhoji mpaka alasiri. Wakamfunga bandeji, wakamwachia. Suwondo alikwenda na gari lenye nyavu za chuma, na mpaka leo anakula ketupat ya jela, ambayo nasikia haina chumvi.

"Kazi safi," alisema Mjomba. "Ondoka hapo. Kijana asijue kitu. Akijua yeye, wapagazi watajua."

"Atabaki anadhani ni yeye."

"Atapona."

Wigati akavua pini, akaitia mfukoni. Akavaa Ray-Ban yake ya bandia. Akatembea uani polepole, bati la bisi kwapani, mtu asiye na deni na mtu, akafika kwenye Yamaha langoni, akaingiza ufunguo.

"Dada."

Prasojo alikuwa nyuma yake. Bandeji mkono mmoja, mkono mwingine umefichwa mgongoni.

"Hujaenda kupumzika?" alisema Wigati.

"Nina swali moja tu. Wale polisi wanasema bahati yao ni ile lebo. Wananishukuru. Mimi najaribu kukumbuka nilivyoiacha, sikumbuki. Naona ninavyoifunga. Nikifumba macho naiona iko pale, mstari wake peke yake." Akasukuma miwani kwa mkono wa bandeji. "Ni mimi kweli niliyeiacha?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja, na mtu angerudishiwa fahari yake, ile moja. Wigati alilifungua mdomoni, akalionja. Akawasha Yamaha.

"Ni wewe, mdogo wangu. Haraka ya treni. Inampata kila mtu."

"Wewe hukugusa?"

"Nigusie wapi? Siku ile hata sikukifungua kiolezo chako. Mimi mtoto wa msuka ketupat, bwana. Kwetu tumezaliwa tunafunga, hatujui kuacha kitu wazi."

Prasojo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesoma mstari kwa mstari kutafuta kosa. Kisha akatoa mkono mgongoni.

Kifuko cha majani ya mnazi kilining'inia kwenye kidole chake, kimelowa, kimelegea, kona moja imeachama. Ndani hapakuwa na hata punje. Uzi wa kijani.

"Zetu zote zimeiva vizuri," alisema. "Wali wa hii tumeukuta chunguni."

Yamaha ilikuwa inanguruma. Wigati hakuiondoa.

Kijana akaitundika ile ketupat kwenye usukani, kwa upole, kama anavyofanya kila kitu.

"Mama wa Madiun msalimie," alisema. "Na vyombo vinakungoja, dada."